Safari ya Mbofyo Mmoja, Kutoka Kidoleni Hadi Kiooni

Paukwa! Nawasikia mmeitika pakawa, basi sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina vijana wawili, mwanya wa mlango, na muda mfupi ambao saa ya ukutani haiwezi kuupima.

Mwanya huo uko Dust II, ramani ya gemu la Counter-Strike iliyobuniwa na Mwingereza Dave Johnston mwaka 2001, na ambayo watu wanaichezea hadi leo. Katikati ya ramani kuna mlango wa mabawa mawili usiofunga vizuri. Huku amesimama mmoja na bunduki ya AWP, kule amesimama mwingine na AWP yake, na kila mmoja anasubiri mwenzake akatize pale kwenye mwanya. AWP haihitaji risasi ya pili: ya kwanza ikikupata kifuani, raundi yako imekwisha. Basi vijana wetu wanaonana. Macho yako kazini, vidole viko tayari, wanabofya. Mmoja anaanguka. Anavua vipokea sauti vya masikioni na kulalamika: "Jamani, mimi ndiye niliyebofya kwanza!"

Kijana huyo hasemi uongo. Inawezekana kabisa alibofya kwanza. Ila kompyuta yake ilimwonyesha adui kwa kuchelewa, kisha ikaupokea mbofyo wake kwa kuchelewa pia, na mwenzake akapita katikati ya kuchelewa huko mara mbili.

Mwili wa binadamu nao una kuchelewa kwake. Tangu jicho lione kitu hadi kidole kibonyeze, hupita takriban milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Mazoezi hupunguza kidogo, lakini kuna mahali mishipa hukataa kushuka zaidi. Juu ya hizo, mashine huongeza zake. Kompyuta iliyopangwa ovyo inaweza kuongeza milisekunde 100. Hiyo hiyo, ikipangwa vizuri na kupewa kioo chepesi, inaweza kuongeza chini ya 30. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile inayomtenganisha mchezaji mzuri na mchezaji bora kwa wepesi wa kidole. Ndiyo maana nataka mjue milisekunde hizo zinakopotelea, maana nyingi kati yake zinarudishwa bila kununua chochote.

Na nataka mshike jambo moja kabla hatujaondoka. Picha unayoiona kiooni ni ya wakati uliopita, siku zote. Anayecheza kwa ushindani hatafuti picha nyingi. Anatafuta picha mbichi. Mara nyingi vitu hivyo viwili huenda pamoja, ndiyo maana watu huvichanganya, lakini kuna mahali huachana.

Tuanzie kidoleni. Chini ya kitufe cha kipanya kuna swichi ndogo yenye ulimi mwembamba wa chuma. Ukibonyeza, vyuma viwili hugusana, na kwa kuwa chuma hicho kinanyumbuka, hudunda mara kadhaa kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Kama kipanya kingehesabu kila mdundo, mbofyo mmoja ungekuwa mitatu au minne. Kwa hiyo watengenezaji wamekiwekea agizo la kuchuja. Vipanya vingine hungoja midundo iishe ndipo vitoe habari, na hapo milisekunde kadhaa zimeshapotea. Vingine hupeleka habari kwenye mguso wa kwanza kabisa, kisha hupuuza midundo inayofuata. Hivi ndivyo vilivyopangwa kwa busara. Vipo pia vyenye swichi za mwanga, ambazo mwali mdogo hukatizwa unapobonyeza, na mwali haudundi.

Kisha kompyuta lazima iulize. Kipanya hakipeleki habari kinapotaka. Kompyuta ndiyo hukihoji kila baada ya muda fulani. Kipanya cha kawaida cha ofisini huhojiwa mara 125 kwa sekunde, kwa hiyo mbofyo wako unaweza kungoja hadi milisekunde 8. Cha gemu huhojiwa mara 1,000, na hata bahati ikikukataa, kungoja hakuzidi milisekunde 1. Siku hizi vinauzwa vya mara 8,000. Hapo unapigania sehemu ya milisekunde huku prosesa ikilemewa na maswali, na kwa kompyuta ya kawaida sioni faida yake. Wasiotumia waya wasiwe na wasiwasi: kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB hufanya kazi vizuri mno. Bluetooth ndiyo ya kuachiwa kazi za ofisi.

Haya, mbofyo umeingia ndani. Sasa ndipo hadithi inapokolea.

Gemu haitazami vidole vyako muda wote. Inaishi kwa mizunguko. Kwenye kila mzunguko prosesa husoma vitufe na kipanya, huhesabu nani yuko wapi na risasi imekwenda wapi, kisha huandika maagizo ya picha na kuyakabidhi kwa kadi ya picha ili iichore. Mbofyo wako ukifika mara tu baada ya kusoma, umeachwa na basi la kwanza. Ungoje mzunguko ujao. Mizunguko ikiwa 60 kwa sekunde, kungoja kunaweza kufika milisekunde 16.7. Ikiwa 300, ni 3.3. Ndiyo sababu wachezaji wa Counter-Strike na Valorant huendesha gemu kwa fremu 300, yaani picha 300 kwa sekunde, ilhali kioo chao kinaonyesha 144 tu. Watu wengi huwaambia wanapoteza umeme bure. Hawapotezi. Hata kama kioo hakitaonyesha fremu zote hizo, ile kitakayoionyesha itakuwa imetengenezwa muda mfupi zaidi uliopita.

Lakini kati ya prosesa na kadi ya picha kuna mahali pa kungoja, na hapo ndipo milisekunde nyingi hulala. Nitawaeleza kwa chapati.

Fikirieni mama anayeuza chapati asubuhi. Binti yake anasukuma, yeye anapika, na kikaango ni kimoja. Binti ana mkono mwepesi, anasukuma kuliko kikaango kinavyoweza kupika, kwa hiyo chapati mbichi zinalundikana kwenye sinia: moja, mbili, tatu. Anakuja mteja na kusema, "Dada, yangu naomba iwe nene." Binti anasikia mara moja, anasukuma nene mara moja. Lakini nene hiyo inakaa nyuma ya tatu nyembamba zilizokwisha kusukumwa, na mteja atasimama hadi hizo tatu ziive. Hakuna aliyezembea hapo. Kikaango hakijapoa hata dakika moja. Wepesi wa binti wenyewe ndio uliotengeneza foleni, na foleni ndiyo iliyomchelewesha mteja.

Prosesa ndiyo binti, kadi ya picha ndiyo kikaango, na mbofyo wako ndio ombi la mteja. Fremu tatu zikiwa kwenye sinia, na kadi ya picha ikichora 60 kwa sekunde, ombi lako limechelewa milisekunde 50 kabla hata halijaguswa na kadi. Namba ya fremu pale pembeni ya kioo haikuonyeshi jambo hilo hata kidogo. Inasema 60, na kweli ni 60. Lakini ni 60 zilizochacha.

Dawa ya kwanza ni kukiongezea kikaango moto, yaani kuipunguzia kadi ya picha kazi. Shusha vivuli, shusha ubora wa maji na moshi, na ikibidi punguza idadi ya nukta za picha. Wachezaji wa kulipwa hucheza na picha zisizopendeza, na watazamaji hudhani ni mazoea tu ya zamani. Sababu mojawapo ni hii ya foleni. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Windows itakufungulia dirisha linaloonyesha kadi ya picha inatumika kwa kiasi gani. Ukiona imekaa kwenye asilimia 99 wakati unacheza, jua sinia limejaa. Ikiwa chini ya hapo, prosesa haipati nafasi ya kulundika.

Dawa ya pili ni kumzuia binti. Weka kikomo cha fremu ndani ya gemu, kidogo chini ya kile ambacho kadi yako inaweza kufikia hata mahali pagumu. Kama kadi inacheza kati ya 170 na 220, kikomo cha 160 kinaweza kukupa mbofyo mwepesi kuliko kuiachia ikimbie. Vijana wengi wakisikia hivyo hukataa katakata, kwa kuwa namba imeshuka. Namba imeshuka, lakini picha imekuwa mbichi zaidi, na hapa ndipo mahali pamojawapo niliposema vitu hivi viwili huachana.

Dawa ya tatu ilikuja Septemba 2020, pale kampuni ya NVIDIA ilipotangaza Reflex. Wazo lake ni jepesi na zuri sana: binti haachi kusukuma, bali anakitazama kikaango. Anaanza kusukuma pale tu kinapokaribia kuwa tupu. Chapati zinazouzwa kwa saa ni zilezile, ila kila moja imesukumwa dakika ya mwisho, kwa hiyo ombi la mteja linaingia kwenye chapati inayofuata. Kwenye kompyuta, gemu huelewana na draiva, programu inayoiongoza kadi, ili prosesa isome kipanya kwa kuchelewa kadiri inavyowezekana kabla ya kuchora. Inafanya kazi hata kwenye kadi za zamani za kundi la GTX 900. Ipo Valorant, ipo Fortnite, ipo Counter-Strike 2. Kama kadi yako ni ya NVIDIA na gemu lina chaguo hilo, liwashe, wala usijali namba ya fremu ikishuka kidogo.

Wenye kadi za AMD wana kisa chao, na kinafaa kusimuliwa kwa kuwa kinafundisha namna mambo haya yanavyofanya kazi. Counter-Strike 2 ilitoka tarehe 27 Septemba 2023. Mwezi uliofuata AMD ikatoa draiva iliyoleta Anti-Lag+ kwenye gemu hilo. Nia ilikuwa njema: kupunguza foleni ileile ya sinia. Lakini draiva ilifanya kazi hiyo kwa kuingia ndani ya faili za gemu na kugeuza njia ya maagizo yake, na hivyo ndivyo programu za wadanganyifu zinavyofanya. Mlinzi wa Valve, kampuni yenye gemu hilo, dhidi ya udanganyifu hakuweza kutofautisha, na wachezaji wasio na hatia wakafungiwa akaunti. Valve ikaonya watu hadharani wasiiwashe, AMD ikaiondoa draiva, na waliofungiwa wakarudishiwa akaunti zao. Mwaka 2024 ikaja Anti-Lag 2, safari hii ikiwa imejengwa ndani ya gemu kwa ridhaa ya wenye gemu. Hiyo ndiyo ya kutumia. Na programu yoyote ya kando inayojisifu kuwa itaingia ndani ya gemu na kulipa kasi, muiogope kwa sababu hiyohiyo.

Fremu imekwisha kuchorwa. Sasa inasafirishwa kwenda kiooni, na hapa kuna mlinzi mwingine aitwaye V-Sync.

Kioo hakiangazi picha yote kwa mkupuo. Huijaza mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Kioo cha 60 Hz, yaani kinachojazwa mara 60 kwa sekunde, hutumia karibu milisekunde 16.7 kuufikia mstari wa mwisho. Kadi ya picha ikimaliza fremu mpya wakati kioo kiko katikati ya kazi, nusu ya juu itabaki na picha ya zamani na nusu ya chini itapata mpya, na utaona mpasuko umelala katikati, hasa ukigeuka haraka. V-Sync ilibuniwa kuuondoa mpasuko. Huiamuru kadi ishike fremu yake hadi kioo kianze upya kutoka juu. Picha inakuwa nzima na nzuri. Lakini fremu imesimama mlangoni ikizeeka, na zilizo nyuma yake zimesimama pia, na foleni tuliyoihangaikia imerudi. Kwenye kioo cha 60 Hz, V-Sync peke yake inaweza kula fremu mbili au tatu nzima.

Mwaka 2013 NVIDIA ilileta G-Sync, na mwaka 2015 AMD ikaleta FreeSync, zote zikiligeuza jambo lenyewe kichwa chini: kioo ndicho kinachomsubiri mchoraji. Fremu ikiwa tayari, kioo huanza hapohapo. Hili ni jambo jema kweli, kwa sharti kwamba fremu zisizidi uwezo wa kioo. Zikizidi, utaratibu wa zamani hurudi. Kwa hiyo kwenye kioo cha 144 Hz watu huweka kikomo cha fremu kama 141, nafasi ndogo ya kupumulia.

Maoni yangu ni haya. Kwenye mechi ya ushindani, zima V-Sync ndani ya gemu, hata kama kioo chako ni cha 60 Hz na mpasuko unakuudhi. Jicho huzoea mpasuko kwa siku chache; mkono hauzoei kuchelewa. Ukiwa unacheza gemu la hadithi, peke yako, unatembea porini na kutazama machweo, iwashe na ufurahie picha nzima.

Tumefika kwenye kioo, na hapa nazungumza kwa uchungu kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana hupoteza fedha zao. Mtu anajinyima, ananunua kioo cha 144 Hz, anakichomeka, anacheza nacho miezi, kumbe Windows imekiacha kwenye 60 Hz tangu siku ya kwanza. Hakuna taa inayowaka kukuonya. Lazima uende mwenyewe kwenye mipangilio ya skrini, ufungue mipangilio ya juu ya skrini, uchague namba kubwa. Fremu za 60 Hz zinapishana kwa milisekunde 16.7, za 144 Hz kwa 6.9; za 240 Hz kwa 4.2, za 360 Hz kwa 2.8. Mnaona namba zinavyokaribiana kadiri mnavyopanda. Hatua ya kutoka 60 kwenda 144 ndiyo kubwa kuliko zote, karibu milisekunde 10 kwa kila fremu. Ile ya kutoka 240 kwenda 360 haifiki hata 1.5, na bei yake haina huruma. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu anunue kioo cha mtumba cha 144 Hz kabla ya kipanya cha bei ya kutisha.

Waya nao una mambo. Nyuma ya kompyuta kuna matundu ya picha mahali pawili: juu, kwenye ubao mama, na chini, kwenye kadi ya picha. Ukichomeka juu, kadi uliyoinunua huenda isichore kabisa, au ichore kisha picha izungukie njia ndefu. Chomeka chini.

Anayetumia televisheni badala ya monita ajue kwamba televisheni hupenda kupamba. Hupokea picha, huichambua, huilainisha, huiongezea rangi, ndipo huionyesha, na mapambo hayo yanaweza kula makumi ya milisekunde. Karibu televisheni zote za siku hizi zina hali ya gemu inayozima mapambo hayo. Na lile tangazo la "1 ms" kwenye boksi la monita lisikudanganye: linapima muda wa nukta kubadilika rangi. Halisemi lolote kuhusu kuchelewa kwa safari nzima tuliyoitembea hapa.

Sasa mtaniuliza: tutajuaje kama mambo haya ni kweli? Kuna mtu aliyelijibu swali hilo vizuri kuliko wengi. Mwaka 2012, John Carmack, mmoja wa walioandika magemu ya Doom na Quake, alisema hadharani kwamba anaweza kupeleka pakiti ya data kutoka Marekani hadi Ulaya kwa muda mfupi kuliko wa kupeleka nukta moja ya rangi hadi kwenye kioo chake mwenyewe. Watu walishangaa, na wengine wakabisha. Bahari nzima ya Atlantiki ishindwe na waya wa urefu wa mkono? Carmack akaeleza alivyopima. Aliandika programu ndogo isiyofanya chochote ila kubadilisha rangi ya kioo kitufe kinapobonyezwa. Akachukua kamera inayopiga fremu 240 kwa sekunde, akarekodi kitufe na kioo kwa pamoja, kisha akahesabu fremu kati ya kubonyeza na rangi kubadilika. Kioo alichokuwa akikipima kilikuwa cha kuvaa kichwani, Sony HMZ-T1. Zilipita fremu kama 18, yaani zaidi ya milisekunde 70.

Kinachonifurahisha ni kwamba kamera hiyo leo iko mifukoni mwenu. Simu nyingi zina hali ya mwendo wa pole ya fremu 240 kwa sekunde. Isimamishe simu ili ione kidole chako na kioo pamoja. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi, shika bunduki, bofya kwa nguvu ili kidole kionekane wazi kikigonga. Kisha rudisha video, isogeze fremu moja moja, na uhesabu kutoka kidole kinapofika chini hadi mwako wa bunduki unapotokea. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Usipime mara moja tu, kwa sababu mbofyo mmoja huwahi basi na mwingine huachwa. Pima kama mara 20 na utafute wastani. Badilisha kitu kimoja, V-Sync kwa mfano, upime tena. Ukifanya hivyo, hakuna muuzaji wala rafiki mjuaji atakayekuyumbisha.

Kipimo hicho kitawasaidia pia kutofautisha ugonjwa huu na ndugu yake, maana watu wengi kwetu wakisema "gemu inalagi" wanamaanisha mtandao. Pingi ni muda wa habari kwenda kwenye seva na kurudi. Huo haupungui kwa kubadilisha kipanya. Kwenye nyuzi za kioo zinazobeba intaneti, mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi, hata kama kila mtambo njiani ungekuwa mkamilifu. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg, ambako Valve ina seva, kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 2,900; nyaya hazinyooki, kwa hiyo ongezeni.

Vijana wa leo hawakuiona hali ya zamani. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009, ikitua Mombasa na Dar es Salaam, intaneti yetu ya kwenda ulimwenguni ilipitia zaidi kwenye setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde, hata kabla ya foleni yoyote. Hapo hakuna AWP ya kushindania. Mwaka huohuo ikaja TEAMS kati ya Mombasa na Fujairah, na 2010 ikaja EASSy. Kama unacheza sasa na mtu aliyeko Dubai, huenda unapita kwenye kebo kama hizo.

Kilichobaki mikononi mwako upande wa mtandao ni kidogo lakini kina nguvu: chagua seva iliyo karibu, tumia waya badala ya waifai ikiwezekana, na mwombe ndugu yako asipakue filamu wakati wa mechi.

Yapo mambo mawili niwaonye kwa upendo. La kwanza ni fremu za kubuni. Tangu 2022 kadi mpya zimeweza kutengeneza fremu za katikati: mashine inachukua picha mbili za kweli na kubuni ya tatu kati yake. Namba inapaa, mwendo unaonekana laini. Lakini ili kubuni picha ya katikati, lazima kwanza iishike ile ya pili isiionyeshe, na fremu iliyobuniwa haijui lolote kuhusu mbofyo wako. Kwa gemu la hadithi ni zawadi. Kwa Dust II, izime. La pili ni zile orodha ndefu za kubadilisha vitu ndani ya Windows, na programu za kuharakisha kompyuta zinazoahidi miujiza. Nyingi hazibadilishi kitu kinachopimika, baadhi huharibu mfumo, na nyingine hubeba virusi. Kama mabadiliko hayaonekani kwenye ile video ya fremu 240, hayapo.

Najua wengi wenu hamna kompyuta zenu. Mnacheza kwenye ukumbi wa gemu, mnalipa kwa saa, na mashine ni ya mwenyewe. Bado kuna mengi ya kufanya kabla mechi haijaanza. Fungua mipangilio ya skrini, tazama kama kioo kiko kwenye namba yake kubwa. Ingia ndani ya gemu, zima V-Sync, washa Reflex au Anti-Lag 2, shusha vivuli. Funga kivinjari ambacho aliyekutangulia amekiacha kikicheza video. Chungulia nyuma uone waya wa picha umechomekwa wapi, ila usiuguse bila ruhusa. Mwite mhusika umwonyeshe kwa adabu. Na saa yako ikiisha, mwambie mwenye ukumbi kwamba ile mashine ya pembeni ilikuwa imeachwa kwenye 60 Hz, aangalie na zile nyingine.